Mkate wa Pasaka wa Jamaika na jibini ya kopo: chagua upi, ule vipi

Ijumaa Kuu Jamaika ni sikukuu ya taifa. Maduka mengi hufungwa, na watu wengi hawagusi nyama. Mezani huwekwa samaki wa kukaanga aliyemwagiwa siki yenye vitunguu, karoti na pilipili kali, pamoja na bammy, mkate bapa wa muhogo uliolowekwa kwenye tui la nazi kisha ukakaangwa. Ila msimu huu kisichokosekana ni mkate wa Pasaka na jibini. Waingereza, walioteka kisiwa hicho mwaka 1655, walikuwa na vimikate vya viungo vyenye alama ya msalaba. Kwa Wajamaika msalaba uliondoka, molasi ikaingia, na kimikate kikawa mkate mrefu wa kukata slaisi.

Mkate wa viungo huuzwa mwaka mzima, lakini usiuchanganye na wa Pasaka. Wa Pasaka hujazwa zabibu kavu zaidi, cheri na maganda ya machungwa yaliyopikwa kwa sukari. Ukubwa wake huanzia kama gramu 800 hadi zaidi ya kilo moja na nusu. Uinue mkononi: mzuri ni mzito kuliko unavyoonekana, na ukiubonyeza ubavuni unarudi taratibu. Ukivunjika chengachenga, uache. Tazama pia slaisi ya katikati, kwani zabibu zikilala zote chini, rojo lilikuwa jepesi mno. Nunua kabla ya Alhamisi jioni.

Kwa jibini, tunapendekeza ya kopo, na inayojulikana zaidi huko ni Tastee. Ni cheda iliyosindikwa, ngumu kiasi, yenye chumvi. Chumvi hiyo ndiyo kazi yake, kwa sababu mkate peke yake unakinaisha baada ya slaisi moja. Jibini laini ya kupaka haifai hapa, inapotea kabisa kwenye mdalasini na kungumanga. Fungua kopo pande zote mbili, usukume jibini itoke nzima, kisha uikate vipande vya nusu sentimita. Mkate ukate kwa kisu cha meno, unene wa sentimita moja na nusu. Usipashe vikiwa pamoja, maana jibini hutoa mafuta na mkate unalowa. Kopo likishafunguliwa, jibini inayobaki ifunikwe na ikae kwenye friji.

Wa kuoka nyumbani nao unapata alama za juu, hasa wa bia nyeusi: unga vikombe 3, baking pauda vijiko vidogo 3, sukari ya kahawia kikombe 1, bia kikombe 1, yai 1, siagi iliyoyeyushwa vijiko vikubwa 2, zabibu kikombe 1, mdalasini na kungumanga. Zabibu zipakwe unga kwanza ili zisizame. Koroga hadi unga mkavu usionekane tena, basi. Ukizidisha, mkate unakuwa mgumu kama mpira. Oka kwa nyuzi 175 kwa muda wa saa moja. Sukari ya juu huungua kabla ya katikati kuiva, kwa hiyo ufunike kwa foili baada ya dakika 40. Ukitoka tu, upake sukari iliyochemshwa na maji, kisha usubiri upoe kabisa ndipo ukate. Siku ya pili viungo vimekolea, na ndipo tunapoupenda zaidi.