Stratux ndani ya Caravan: utaiona ndege kubwa, hewa yake hutaiona

Kwa sisi tunaorusha ndege ndogo ya Cessna Caravan kati ya Dar na Zanzibar, kijisanduku hiki cha Stratux kina msaada mkubwa, mradi ujue mpaka wake. Ndani mna kompyuta ndogo ya Raspberry Pi na kipokezi cha redio. Kinanasa matangazo ya megahezi 1090, ambamo ndege kubwa hutaja mahali ilipo, kimo na kasi yake, kisha kinayatuma kwa waifai kwenye kishikwambi changu.

Thamani yake huiona zaidi ninapotua Zanzibar nyuma ya Boeing 787. Ncha za mabawa ya ndege nzito huacha mikondo miwili ya hewa inayojizungusha kwa nguvu na kushuka mamia ya futi kwa dakika, wala jicho haliioni. Rubani wa ndege ndogo anatakiwa abaki juu ya njia iliyopita ile kubwa, aguse lami baada ya kupita pale ilipogusa. Nilikuwa nikikadiria kwa macho na kwa mazungumzo ya redioni. Sasa futi zake na zangu nazisoma pamoja.

Ila Stratux haipimi hewa hata kidogo. Ndege ikishatoweka kwenye kioo cha kishikwambi, mikondo yake inaweza kuwa bado ipo. Upepo hafifu wa ubavuni ndio wa kuogopwa, kwani unaweza kuuzuia mkondo mmoja usihame juu ya njia ya kurukia. Mnara wa kuongozea ndege ukikwambia subiri dakika 3, zimalize zote. Januari 2017, juu ya Bahari ya Arabia, jeti ndogo ya Challenger 604 ilipita futi 1,000 chini ya ndege kubwa ya Airbus A380, ikabingirika, watu wakaumia, ikaenda kutua Muscat. Ulaya wameshafanyia utafiti leza ya kuipima hewa iliyo mbele ya ndege. Natamani sana teknolojia hiyo itufikie sisi wadogo, maana ndio tunaopinduliwa kirahisi.

Taarifa za hali ya hewa za megahezi 978, ambazo Stratux inaweza kuzinasa pia, ni huduma ya Marekani, huku kwetu usizitegemee. Ndege isiyotangaza mahali ilipo haitatokea kwenye kishikwambi, kwa hiyo macho yabaki nje.

Ukinunua, chagua kasha lenye feni. Kiweke dirisha la pembeni, mbali na jua la kioo cha mbele, na ubebe paweabenki ya kutosha safari za siku nzima.