Kununua Donkey Kong ya mkononi: kwanza uliza habari za makarai

Kaseti ya gemu ya Donkey Kong ilifika Desemba kwenye begi la binamu yangu anayeishi Muscat, imeviringishwa ndani ya soksi ya mtoto ili isigongwe. Nilikuwa nimeilipia miezi miwili kabla kwa muuzaji wa mtandaoni aliyeandika kwamba ni "Donkey Kong kamili, kama ile ya mashine kubwa". Nikaacha maharage jikoni, nikaichomeka. Steji ya kwanza: mapipa yanabingirika juu ya vyuma vilivyopinda, Mario anapanda ngazi, sawa. Iliyofuata: lifti na springi zinazorukaruka. Nikajisemea labda wamebadilisha mpangilio. Ya tatu: unang'oa vishikizo vinane hadi sokwe, adui wa Mario, anaanguka kichwa chini. Kisha mapipa tena. Nikazunguka mara tatu. Steji ya makarai hakuna. Maharage yakaungua.

Nilipoyasimulia haya, wasomaji kadhaa wakaniandikia kwamba nao wamelizwa, kila mmoja kwa namna yake. Kwa hiyo leo tunapanga foleni: ukitaka Donkey Kong ya kushika mkononi, ununue ipi, na ipi umwachie mwenyewe. Sitazungumzia rangi, sauti wala uzito. Hayo utayaona mwenyewe. Mimi nina swali moja tu: steji ngapi?

Donkey Kong ya mwaka 1981, ile ya kutumbukiza sarafu, ina steji nne, na zinaitwa kwa kimo: mita 25, 50, 75 na 100. Mbunifu wake Shigeru Miyamoto na wenzake pale kampuni ya Nintendo, Japani, waliiweka hadithi yao kwenye jengo linalojengwa, ndiyo maana kuna vyuma, ngazi, nyundo na sokwe anayefanya fujo saiti. Mita 50 ni steji ya mikanda inayotembea kushoto na kulia, imebeba vyombo vipana vilivyojaa kitu hadi juu. Wamarekani waliviona wakasema ni pai, na jina la kiwanda cha pai limewaganda mdomoni mpaka leo. Mtu yeyote aliyepita Mbagala siku nyumba inamwagwa zege anajua kwamba yale ni makarai.

Mwaka 1983 Nintendo wakaihamishia kwenye mashine yao ya nyumbani, Famicom. Kaseti za wakati ule zilikuwa na nafasi finyu, na steji ya makarai ikaachwa nje. Ingekuwa imeishia hapo nisingesema kitu, zama zile ndivyo zilivyokuwa. Shida ni kwamba vitu vingi vilivyouzwa baadaye kwa jina la Donkey Kong ni nakala ya hiyo ya Famicom, pengo na vyote. Unanunua kitu cha miaka ishirini baadaye, kwenye mashine yenye nguvu mara nyingi zaidi, na bado makarai hayapo. Na msiniambie walisahau. Mwaka 2010 Nintendo wenyewe waliyarudisha kwenye toleo la aina ileile ya Famicom, wakaliweka ndani ya Wii nyekundu, mashine yao nyingine ya nyumbani, zilizouzwa Ulaya kuadhimisha miaka 25 ya gemu ya Super Mario Bros. Walijua kabisa.

Haya, foleni.

Namba moja: Donkey Kong ya Game Boy, 1994

Niseme wazi kabla hamjaninyooshea kidole: mimi ni mtu wa Nintendo, na kaseti hii nina upendeleo nayo. Baba alikuwa baharia. Mwaka 1996 alirudi safari na Game Boy ya kijivu, ile mashine ya Nintendo ya kushika mkononi, na kaseti moja tu, hii. Ilipotea tulipohama Tandika na sikuacha kuitafuta.

Ukiiwasha unakuta steji zote nne za 1981, makarai yakiwa mahali pake. Ukimaliza mita 100 unadhani ndiyo mwisho, sokwe anaamka, anamnyakua Pauline, binti anayeokolewa na Mario, anakimbia naye, na hapo ndipo gemu inapoanza. Zimebaki steji 97. Jumla 101. Mario anajifunza kusimama kwa mikono na kupiga samasoti. Unabeba funguo kichwani, unaweka ngazi na madaraja ya muda mahali unapotaka, na badala ya kukimbia tu unakaa chini unafikiri. Sijaona gemu ya zamani iliyohamishiwa mashine ndogo ikatoka imenenepa kiasi hiki.

Sasa kasoro yake, na ndiyo inayowaliza watu. Steji 101 huzimalizi kwa mkao mmoja, kwa hiyo gemu inahifadhi ulipofika kila baada ya steji nne, pamoja na muda wako bora. Uhifadhi huo unategemea betri ndogo ya mviringo, kama ya saa, iliyolehemiwa ndani ya kaseti. Ikifa, gemu inacheza vizuri kabisa, haina tatizo lolote, mpaka unapoizima. Asubuhi unarudi steji ya kwanza. Wauzaji wanaandika "imejaribiwa" na picha ya skrini ya mwanzo. Skrini ya mwanzo inathibitisha nini? Mwombe muuzaji acheze steji nne, ahifadhi, azime, aichomoe kaseti, alale, kesho akutumie video akiiwasha. Akikujibu kwa hasira, umeshapata jibu lako. Betri ikiwa imekufa na kaseti ni halisi, nunua kwa bei ya kilema. Fundi simu yeyote mwenye mkono mtulivu ataibadilisha, ila mwambie asome kwanza namba iliyoandikwa juu ya betri ya zamani, na alete yenye masikio ya kulehemu, asije akaunguza betri kwa kuilehemu moja kwa moja.

Feki ni nyingi. Kaseti halisi ina skrubu ya ajabu ambayo bisibisi ya kawaida haiifungui, na ukiinamisha stika kwenye mwanga mara nyingi unaona tarakimu ndogo zilizogandamizwa kiwandani. Pia angalia jina mpaka mwisho. Msomaji mmoja kaletewa kaseti ya njano kama ndizi, muuzaji akiapa kwamba ndiyo yenyewe. Ile ni Donkey Kong Land ya mwaka 1995, gemu nyingine kabisa, hata aina ya uchezaji si hii. Ya Kijapani usiiogope: kaseti za Game Boy hazifungwi kwa nchi, maneno ndani ni machache, na kwa kawaida bei yake huwa ya kibinadamu zaidi.

Uichezee kwenye nini? Game Boy yoyote ya zamani inafaa, Game Boy Color inafaa zaidi, lakini mimi nakushauri Game Boy Advance SP. Inachajiwa, inakunjwa, ina taa. Kama unaweza kuchagua, pindua uangalie stika ya nyuma: AGS-101 ina skrini inayong'aa kutoka ndani, AGS-001 inamulikwa kwa mbele na imepauka kidogo. Kaseti ya Game Boy itachomoza nje kwa chini kama ulimi. Ndivyo ilivyo, haijaharibika. Mtego uko kwenye Nintendo DS na Game Boy Micro. Zinakubali kaseti ndogo za Advance, ila hizi za Game Boy hazizitaki kabisa. Kuna dada kauziwa DS na kaseti hii kwa pamoja, "seti kamili". Haziingiliani! Muuzaji alikuwa na vyote viwili mkononi na hakujaribu hata kuvichomeka.

Kwa wenye fedha kuna Analogue Pocket, iliyotoka 2021 kwa dola 219.99, inayosoma kaseti halisi na kuonyesha kila nukta ya Game Boy mara kumi kwa upana na kumi kwa kimo. Nimeishika dakika tano kwenye mkono wa mtu mwingine. Niliirudisha kwa shida.

Na kama tayari una Switch, mashine nyingine ya Nintendo, yenye uanachama wa mtandaoni, gemu hii imo kwenye orodha ya Game Boy. Hapo suala la betri limekwisha na ugomvi na wauzaji umekwisha. Sikuiweka peke yake kwenye foleni kwa sababu unakodi, hununui. Siku uanachama ukiisha, na makarai yameondoka.

Namba mbili: Arcade Archives kwenye Switch

Hii ndiyo gemu yenyewe ya 1981, bila kupunguzwa, iliyoletwa na kampuni ya Hamster mwaka 2018 kwa dola 7.99. Ndani yake kuna matoleo matatu: la mwanzo la Japani, la baadaye la Japani, na la kimataifa.

Hapa nina malalamiko ya msomaji ambayo ni lazima niyajibu. Kaka mmoja kanunua, kacheza, kaniandikia kwa herufi kubwa kwamba nimemdanganya, makarai hayapo. Yapo, kaka. Toleo la kimataifa lina mpangilio wake: raundi ya kwanza unapewa mapipa na vishikizo tu, ya pili zinaongezwa lifti, na makarai yanaingia raundi ya tatu. Ukifa mapema huyaoni ng'o. Nenda kwenye toleo la Kijapani, yanakuja ya pili kama Mungu alivyopanga.

Kasoro ya hii ni umbo. Mashine ya 1981 ilikuwa na skrini iliyosimama wima, Switch imelala. Ukicheza kawaida unaangalia kipande cha katikati na giza pembeni. Gemu inakuruhusu kuizungusha picha, nawe ukaisimamisha Switch kwa ubavu wake, na picha ikaongezeka theluthi nzima kwenda juu na theluthi kwenda pembeni. Tofauti ni kubwa mno. Lakini usimame nayo wapi? Kiguu chake cha nyuma hakisaidii ukiwa hivyo. Mimi naiegemeza kwenye kopo la sukari, vidhibiti nimechomoa. Wenye Switch Lite vidhibiti havichomoki, kwa hiyo mpaka muwe na pedi ya pembeni. Kwa gemu ya "mkononi", kucheza ukiwa umekodolea kopo la sukari kunaipunguzia alama.

Namba tatu: Game & Watch, 1982

Kile kidude cha rangi ya chungwa kinachofunguka kama kitabu, skrini mbili. Hiki si gemu ileile na hakijawahi kudai hivyo, kwa hiyo pengo la makarai nakisamehe. Chini unaruka mapipa, juu unapanda, unadandia ndoano ya winchi kung'oa vipini, na kwa mara ya nne sokwe anaporomoka. Basi. Uzuri wake ni kwamba kitufe cha msalaba kilianzia hapa, kazi ya Gunpei Yokoi wa Nintendo, na kila pedi unayoishika leo ni mjukuu wake. Kabla ya kulipa, fungua na kufunga mara kadhaa ukiwa umekiwasha, kwa maana nyaya za skrini ya juu zinapita kwenye bawaba. Muuzaji anayekutumia picha kikiwa kimefungwa tu, muage kwa heshima.

Bei zake sasa ni vichekesho. Wauzaji wetu wana mchezo mmoja: anatafuta mnada wa Marekani ambako chenye boksi, kitabu na sponji kimeuzwa bei ya pikipiki, anakutumia picha ya mnada, kisha anakuuzia kilichokwaruzwa, kisicho na mfuniko wa betri, kwa bei hiyohiyo "pungufu kidogo kwa sababu ni wewe". Na bei yenyewe haiandikwi. "Njoo DM." Unakwenda DM, anauliza uko wapi, unafanya kazi gani. Unaninunulia nyumba? Andika bei! Mwenye nyanya Kariakoo anapanga fungu na kila mtu anaona ni shilingi ngapi, wewe mwenye kipande cha plastiki cha miaka arobaini unafanya usaili.

Namba nne: kaseti ya Advance ya mwaka 2004

Ndiyo niliyoletewa kwenye soksi. Ni ile ya Famicom ilivyokuwa, iliyouzwa upya. Makarai hakuna, na juu ya hapo picha yenye mistari 240 imekandamizwa kwenye skrini yenye 160, hivyo Mario amekuwa kibonge na ngazi zimefupika. Boksi lake ni zuri, nakubali.

Vile vidude vya bei rahisi vya "michezo 400 kwa moja" vinavyopangwa barabarani: ni Famicom ileile, steji tatu. Mnunulie mtoto wa miaka mitano, atafurahi.

Yangu ya 2004 bado ninayo, na boksi lake, kona moja imebonyea kwa kisigino cha binamu. Anayeitaka ni shilingi elfu thelathini, steji ni tatu, na DM sitaki.