Uzoefu wangu: seva ya diski nane niliyoiunda nyumbani Tabata kwa shilingi milioni tatu na nusu

Kazi yangu ni kupiga video za harusi, sendofu na kicheni pati hapa Dar es Salaam, na kwa miaka saba niliyatunza mafaili ya wateja kwenye diski za nje zilizolala ndani ya kasha la plastiki chini ya meza, kila moja ikiwa imebandikwa kipande cha plasta chenye tarehe iliyoandikwa kwa maka peni. Diski hizo zilifika kumi na moja. Siku mteja mmoja aliporudi baada ya miaka miwili kuomba sendofu yake, diski iliyoibeba ilitoa mlio wa tik, tik, tik, kisha ikanyamaza, nami nikabaki kumrudishia pesa ambazo hakuzitaka.

Kabla ya kununua chochote nilipiga hesabu. Kamera inayorekodi 4K kwa megabiti 100 kwa sekunde hula gigabaiti 45 kila saa, na kwa kuwa tunatumia kamera tatu, shughuli moja hunirudisha nyumbani na gigabaiti 350 hadi 400. Wengi walinishauri nilipie hifadhi ya mtandaoni, lakini laini yangu hupandisha megabiti 20 kwa sekunde ikiwa katika hali nzuri, maana yake ni kwamba gigabaiti 350 zingehitaji karibu saa 39 bila kukatika hata mara moja, na wikendi moja inaweza kuwa na shughuli mbili. Vifaa vya kuhifadhia mafaili vilivyo tayari, vyenye nafasi za diski nane, ni vizuri na sina neno baya juu yake, ila bei niliyotajiwa kwa kimoja kikiwa kitupu, bila diski hata moja, ilikaribia bajeti yangu yote. Ndipo nilipoamua kuunda seva yangu mwenyewe, yaani kompyuta ya kuhifadhia mafaili.

Jambo nililolifanya sawasawa, na ambalo ningelirudia hivyo hivyo, ni kuanza na diski na kuacha mengine yote yagawane kilichobaki. Nilitenga 3,500,000. Diski tisa za terabaiti 8 zilizokwisha kutumika, nilizoagiza Dubai kupitia wakala, zilinigharimu 260,000 kila moja, jumla 2,340,000, yaani theluthi mbili ya matumizi yote. Kompyuta ya mtumba niliipata Kariakoo kwa 520,000, UPS (betri ya akiba ya umeme ukikatika) kwa 380,000, kadi ya kuunganishia diski pamoja na nyaya zake kwa 130,000, fremu ya chuma kwa 60,000 na feni kwa 30,000. Hiyo ni 3,460,000. Elfu arobaini iliyosalia ilikwenda baadaye kwa njia ambayo nitaieleza, na sikuipenda.

Kuhusu diski zilizotumika, wapo wanaozikwepa kama ugonjwa, na siwalaumu. Hoja yangu ilikuwa kwamba kwa bei ya diski mpya nne za ukubwa huo, jinsi zilivyokuwa zikiuzwa hapa mjini, ningepata tisa za daraja la seva, na diski nane zenye ulinzi mzuri pamoja na moja ya akiba zinanilinda kuliko diski nne zinazong'aa. Sharti lilikuwa moja: ziwe za CMR, ambazo mistari yake ya data haipandani, wala si SMR. Katika diski za SMR mistari ya data hupandana kama mabati ya paa, kiasi kwamba ukitaka kubadilisha bati moja la chini unalazimika kuyafumua yaliyoliegemea; ukiiweka diski ya namna hiyo kwenye kundi la diski zinazofanya kazi kama moja, siku ya kujenga upya diski iliyokufa itakuchosha kwa siku nyingi, kama haitatolewa kwenye kundi kabisa kwa uzembe wa kujibu. Niliomba namba kamili ya modeli ya kila diski kabla ya kulipa, na muuzaji aliyekataa kuitaja nilimuaga.

Zilipofika, kila moja ilikuwa na saa za kazi kati ya 31,000 na 38,000, ambayo ni miaka mitatu na nusu hadi minne na ushee ya kuzunguka bila kupumzika. Nilizijaribu zote kwa programu ya badblocks, inayoandika diski nzima na kuisoma tena mara nne kwa mifumo minne tofauti. Kwa diski ya terabaiti 8 hiyo ni mizunguko minane ya takriban saa kumi na tano kila mmoja, yaani siku tano. Umeme ulikatika siku ya tatu na nikaanza upya, nikiwa na hasira zangu. Lakini zoezi hilo ndilo lililonionyesha kuwa diski moja ilikuwa ikijificha: kipimo namba 197 cha SMART (mfumo wa diski kujipima afya), kinachohesabu sekta, yaani vipande vidogo vya diski, zinazosubiri kuamuliwa kama ni nzima au la, kilianza na sifuri na kumaliza na 48. Muuzaji aliibadilisha baada ya wiki tatu za kukumbushana. Kama ningeijaza harusi za watu moja kwa moja, nadhani ningeigundua kwa njia mbaya zaidi.

Kompyuta yenyewe haina mengi ya kusimulia. Ni mnara wa ofisini wenye prosesa ya Xeon E5-1620 v2 na kumbukumbu (RAM) ya gigabaiti 32 ya aina ya ECC, inayoweza kugundua na kusahihisha kosa dogo la kumbukumbu kabla halijaandikwa kwenye diski. Utasikia kanuni kwamba kila terabaiti moja ya diski inadai gigabaiti moja ya kumbukumbu. Mimi nina terabaiti 64 za diski na gigabaiti 32 za kumbukumbu, na kwa kazi ya kuhifadhi na kusoma video sijaona inapokwama. Ubao mama haukuwa na soketi za kutosha, kwa hiyo niliongeza kadi yenye chipu ya LSI SAS2008, inayobeba diski nane kwa nyaya mbili zinazojigawa nne nne. Hakikisha kadi imewekewa programu ya hali inayoitwa IT, ili iziwasilishe diski kwa mfumo zikiwa kama zilivyo, na uiwekee kifeni, kwa sababu ilibuniwa kwa ajili ya seva zenye upepo mkali na ukiigusa bila feni utaondoa kidole haraka.

Mnara huo ulikuwa na nafasi ya diski tatu tu, na makasha ya nafasi nane sikuyaona madukani. Nilichora fremu kwenye karatasi ya daftari, nikaenda eneo la Gerezani kwa mafundi wa kuchomelea. Fundi aliigeuza karatasi mara mbili.

"Bosi, hii ni tundu la njiwa?"

"Hapana fundi, ni ya kompyuta."

"Sasa kompyuta gani inakaa kwenye tundu?"

Hata hivyo aliitengeneza kwa saa mbili, kwa chuma chembamba cha pembe, ikiwa na ngazi nane zilizoachana vya kutosha ili hewa ipite kati ya diski. Tatizo lilikuwa mtetemo: diski nane zikizunguka mara 7,200 kwa dakika juu ya chuma kitupu huvuma kama mashine ya kusaga inayosikika kutoka mtaa wa pili. Nilikata ndala za zamani, jozi nzima, nikapata vipande vya upana wa kidole, nikavilaza kati ya chuma na kila diski. Mvumo ulipungua kiasi kwamba mke wangu aliacha kuuliza kitu hicho kitahama lini sebuleni.

Kwa upande wa programu nilichagua TrueNAS SCALE, kama ilivyoitwa wakati huo, ambayo ni ya bure na imejengwa juu ya Linux ya Debian. Unraid niliifikiria kwa sababu inakuruhusu kuchanganya diski za ukubwa tofauti, lakini inalipiwa leseni, na diski zangu zote ni za ukubwa mmoja. TrueNAS inatumia mfumo wa mafaili wa ZFS, uliozaliwa katika kampuni ya Sun Microsystems, na diski nane niliziweka katika kundi moja la RAIDZ2, mpangilio unaovumilia diski mbili kufa kwa wakati mmoja. Nafasi inayobaki ni ya diski sita. Usishtuke utakapoona takriban terabaiti 43 badala ya 48: kiwanda huhesabu kwa elfu na kompyuta huhesabu kwa 1,024. Nilizinunua zote kwa mkupuo kwa kuwa wakati huo kundi la RAIDZ halikuweza kuongezewa diski moja moja. Uwezo huo uliingia rasmi katika OpenZFS 2.3, Januari 2025, na anayeanza leo anaweza kupanga manunuzi yake kwa awamu.

Kosa langu kubwa lilikuwa kwenye nyaya za umeme. Pawasaplai ilikuwa na nguvu ya kutosha, wati 600, hata kwa ile sekunde ya kuwaka ambapo diski nane zote huvuta karibu wati 200 kwa pamoja. Kilichopungua ni vichwa vya kuchomekea. Nilinunua vigawanyio vya shilingi 3,000 kila kimoja, vile vinavyotoka kwenye soketi ya kizamani ya pini nne na kuishia kwenye vichwa viwili vya SATA vya kuchomekea diski, na plastiki yake ilikuwa imemiminwa juu ya nyaya kama nta. Sikujua kuwa ndani ya plastiki ya namna hiyo nyaya zinaweza kuwa zimekaribiana mno, na joto likizidi zikagusana.

Ilikuwa saa tano usiku mwezi wa pili. Nilisikia harufu ya pasi iliyosahauliwa juu ya shati la nailoni, na simu ikaingiza barua pepe ya seva ikisema kwamba kundi limedhoofika. Diski mbili zilikuwa zimetoweka kwa mpigo. Nilizima kila kitu ukutani na kuvuta kigawanyio. Kichwa kimoja kilikuwa cheusi, kimeyeyuka hadi pini zikaonekana. Diski zenyewe zilikuwa salama. Siku iliyofuata nilitumia zile elfu arobaini kununua vigawanyio vya aina nyingine, ambavyo waya unaonekana ukibanwa mmoja mmoja ndani ya kichwa, na nilipowasha, ZFS ilizipokea diski zote mbili na kuziandikia tu yale yaliyobadilika zilipokuwa nje. Ilichukua dakika kumi na moja. Kwa mpangilio wa RAIDZ1, unaovumilia diski moja tu kufa, kundi zima lingesimama usiku ule. Tangu hapo ninafuata kanuni niliyojitungia: hakuna waya mmoja wa umeme unaolisha diski zaidi ya mbili, kwa sababu mbili ndizo ninazoweza kumudu kuzipoteza kwa pamoja.

UPS inaongea na seva kwa waya wa USB, na umeme ukikatika kwa zaidi ya dakika tatu seva hujizima yenyewe kwa utaratibu. Betri zake zimeanza kuchoka baada ya mwaka mmoja na miezi miwili, jambo ambalo nililitarajia, kwani betri za risasi hupoteza karibu nusu ya umri wake kwa kila nyuzi kumi zinazozidi 25. Joto hilo hilo lilizipandisha diski hadi nyuzi 52 mwezi wa Februari. Feni mbili za milimita 140 zinazopuliza moja kwa moja kwenye fremu ziliishusha hadi 43, nami nimeridhika nayo.

Lalamiko langu lililobaki ni LUKU. Nimeipima seva kwenye soketi ya ukutani na inakula wati 118 ikiwa haina kazi, sawa na uniti 85 kwa mwezi. Kwa takriban shilingi 356 kwa uniti pamoja na kodi, hiyo ni elfu thelathini kila mwezi. Kompyuta ya bei nafuu ilinitoza baadaye kile nilichodhani nimekiokoa. Prosesa ndogo kama Core i3-8100, ambayo nayo inakubali kumbukumbu ya ECC ikiwekwa kwenye ubao unaofaa, ingepunguza walau wati arobaini.

Kwa kazi za kila siku sina malalamiko. Ninahariri moja kwa moja kutoka kwenye seva kwa waya wa gigabiti moja, kwa kasi ya megabaiti 110 kwa sekunde, na inatosha kamera tatu za 4K kwa wakati mmoja. Kila usiku mfumo unachukua snapushoti, yaani kumbukumbu ya jinsi mafaili yote yalivyokuwa saa ile, na hiyo imekwisha kuniokoa: kijana ninayefanya naye kazi alifuta folda nzima ya harusi akidhani ni nakala, na niliirudisha kabla hajamaliza kuniomba radhi. Lakini snapushoti na RAIDZ2 haviwezi kuzuia mwizi wala moto, kwa hiyo zile diski kumi za nje zilizobaki nazitumia kubeba nakala za kazi zilizokamilika, na ziko kwa kaka yangu Morogoro. Zinasafiri kwenye begi langu, kamwe si kama kifurushi cha basi.

Mwakani nitabadilisha mnara na kuacha fremu, nyaya na diski kama zilivyo. ZFS haijali diski imechomekwa soketi gani wala kompyuta gani. Nitaziunganisha kwenye mashine mpya, nitaliingiza kundi, na harusi zitakuwepo. Diski ya tisa bado iko kabatini ndani ya mfuko wake wa kuzuia umeme tuli, imebandikwa plasta yenye tarehe niliyomaliza kuijaribu.