Fundi wa Tabata aliyepima kwanza: IST yangu ilikuwa inamisi silinda namba 3

Wenye IST, Raum na Probox za injini ya 1NZ, hasa mliofunga gesi kama mimi, naomba mnisome mpaka mwisho maana hili lilinitesa karibu miezi miwili na mimi gari ndo kazi yangu.

Ilianza hivi, asubuhi gari inawaka vizuri kabisa, ikishapata moto ukisimama kwenye foleni sailensi (injini ikiunguruma bila kukanyaga mafuta) inatetemeka mpaka kioo cha ndani kinacheza, ukikanyaga mafuta inatulia kidogo ila kupanda mlima haina nguvu, na taa ya injini ikawa inawaka na kuzima. Gereji ya kwanza (siitaji jina) wakanibadilishia plagi zote nne, bado. Wakasema koili (inayopeleka umeme kwenye plagi), nikanunua, bado. Wakaosha nozo (zinazopuliza mafuta kwenye injini), bado. Mwisho wakaniambia injini imechoka nitafute nyingine iliyotumika, milioni moja na laki mbili bila ufundi. Nilirudi nyumbani siku hiyo sikula.

Dereva mwenzangu ndo akanipeleka kwa huyu fundi wa Tabata, hapa Dar. Kagereji kadogo, magari sita tu yanaingia, ila jamaa ana vifaa vya kupimia na anavitumia. Akachomeka mashine ikaleta kodi (namba ya kosa) P0303, akanieleza hiyo 3 ya mwisho ndo silinda yenyewe inayomisi, yaani haichomi mafuta sawasawa. Akachukua koili ya namba 3 akaipeleka namba 1, akafuta kodi, tukazunguka mtaani, tatizo likabaki palepale 3, maana ingekuwa koili lingehama nayo kwenda 1. Plagi nayo akafanya hivyohivyo. Halafu akahamisha gari kutoka kwenye gesi kwenda petroli, bado inamisi, akasema basi si rahisi nozo za gesi na za petroli zife pamoja kwenye silinda moja. Hapo hajaniuzia hata nati, na muda wote ananiita nisogee nione.

Kisha akapima kompresheni (nguvu ya silinda kubana hewa) injini ikiwa ya moto, plagi zote nje, mafuta yamekatwa, mimi nimekanyaga pedeli mpaka chini napiga starta. Namba 1 ikasoma psi 178, namba 2 175, namba 4 176, namba 3 ikasoma 112. Akaniambia, "Kaka, umeme wako hauna shida, hii silinda haibani hewa." Akadondosha oili kidogo kwenye tundu la plagi akapima tena, ikapanda kwa pointi tatu tu. Ingekuwa ringi zimelika oili ingeziba na namba ingepanda sana. Akaweka pistoni juu kabisa, akaingiza upepo wa kompresa, tukatega masikio: kwenye mfuniko wa oili kimya, rejeta haina mapovu, ila kwenye bomba la moshi unasikia ssss. Valvu ya kutolea moshi haifungi.

Nikajua hapa hedi (kichwa cha injini) inafunguliwa, roho ikadunda. Akasema hapana, acha gari ilale hapa ipoe. Asubuhi akafungua kava ya juu akapitisha fila geji (vibati vyembamba vya kupimia nafasi). Valvu za moshi za injini hii zinatakiwa ziwe na nafasi ya milimita 0.25 hadi 0.35 ikiwa ya baridi. Moja ya silinda 3 haikuwa na nafasi kabisa, fila nyembamba kuliko zote haipiti! Ndo maana asubuhi gari ilikuwa nzima, ikipata moto valvu inarefuka, tapeti (kikombe kinachoisukuma valvu) inaizuia isikae kwenye siti yake, hewa inavuja. Akanieleza gesi ni kavu, siti zinalika haraka, valvu inapanda juu taratibu nafasi inaisha, kwa hiyo mwenye gesi inabidi apime hiyo nafasi mara kwa mara, na kwenye injini hii haina skrubu ya kurekebisha, unabadilisha tapeti yenyewe kwa unene. Miaka miwili naendesha gesi, waliofunga mtungi hawakunigusia hili hata kidogo, na kwa kweli limeniuma.

Akaweka alama kwenye cheni, akatoa kemshafti (shafti inayosukuma tapeti), akapima tapeti kwa maikromita, akatafuta nyembamba kwenye hedi chakavu Ilala. Akarekebisha na moja ya namba 4 iliyokuwa imeanza kubana. Ufundi 150,000, tapeti mbili 40,000, gasket ya kava 25,000. Jumla 215,000.

Namnyima nyota moja kwa sababu simu hapokei kabisa, na siku mbili za kazi zikawa nne kwa ajili ya kusubiri tapeti, siku ambazo mimi siingizi kitu. Kivuli cha kukaa pia hakuna. Ukienda fika kabla ya saa mbili asubuhi, na kama taa ya injini inawakawaka usiendelee kuendesha, mafuta yasiyoungua yanaenda kuunguza masega (ya kusafisha moshi kwenye ekzosi) na masega ni pesa nyingine.

Wiki iliyopita nilirudi akapima tena, silinda 3 imesoma 171. Sailensi imetulia.