Nukta tatu za JavaScript kwenye risiti za duka: nyota nne

Natunza tovuti ya duka la vifaa vya ujenzi. Kinachonisumbua tangu mwanzo ni risiti. Huyu kaja kuchukua misumari nusu kilo, yule kabeba saruji, nondo, mabati, rangi na waya. Fanksheni ya kujumlisha, yaani kipande cha msimbo wa JavaScript kinachofanya hesabu hiyo, haijui itapewa bei ngapi.

Zamani nilitumia `arguments`, kitu kinachobeba vyote ilivyopewa fanksheni. Ukikiangalia haraka utadhani ni arei (orodha ya JavaScript): kina `length`, ukiita `arguments[0]` unajibiwa. Jaribu `reduce` sasa, ile ya kujumlisha arei nzima, hakina. Ilibidi kwanza ukigeuze kwa `Array.prototype.slice.call(arguments)`, mstari nilioukariri miaka bila kuuelewa. Siku moja nikajitia usasa, nikaiandika upya kwa fanksheni ya mshale (ile fupi yenye `=>`), ndani ya fanksheni nyingine inayopokea jina la mteja na mtaa wake. Kumbe ya mshale haina `arguments` yake, inaazima ya ile iliyoizunguka! Risiti ikatoka, na pale penye jumla pana 0, jina la mteja na mtaa wake, vyote vimeshikana neno moja. Mwenye duka hakucheka.

Ndipo nikahamia nukta tatu (`...`), zinazokusanya vyote vilivyobaki, zilizoingia rasmi na ES2015, toleo la JavaScript la mwaka 2015:

`function jumla(nauli, ...bei) {`
`  return bei.reduce((a, b) => a + b, nauli);`
`}`

Hapo `bei` ni arei halisi. Zije kumi, zinaingia kumi. Isije hata moja, arei inakuwa tupu na jumla inabaki nauli. Nilichokipenda zaidi ni kwamba anayerithi msimbo wangu anaona mstari wa kwanza tu akajua fanksheni inapokea bei bila idadi. `arguments` ilikuwa mgeni asiyetajwa mlangoni, unamkuta sebuleni.

Lawama ninazo. Lazima nukta tatu zikae mwisho: andika `(...bei, nauli)` uone SyntaxError, kosa la uandishi wa msimbo. Sawa, itajuaje bei zimeishia wapi? Ila mimi nauli nilikuwa nimeiweka nyuma, nikazunguka kurasa zote kurekebisha. Ukizitumia upande wa kuita fanksheni, mathalani `Math.max(...bei)` kutafuta bidhaa ghali kuliko zote, kikapu kitupu kinakurudishia `-Infinity` (hasi isiyo na mwisho). Angalia `length` kwanza.

Kubwa kuliko yote, hazikagui kitu. Bei zikitoka kwenye fomu huja kama maandishi, na nauli 2000 ikikutana na "1500" unapata "20001500". Hapa PHP, lugha nyingine ya tovuti, imeizidi JavaScript. Nayo ina nukta tatu tangu toleo la 5.6, mwaka 2014, na kuanzia la 7 unaweza kuandika `int ...$bei`, yaani namba kamili tu, anayeleta "elfu moja" anarudishwa palepale.

Kwa hiyo nne. Ile `Number(b)` ya kugeuza maandishi kuwa namba, ninayoichomeka kwa mkono ndani ya `reduce` ndiyo iliyokula ya tano.