Nauli kikomo za LATRA mwezi wa 12: nyota 3 kati ya 5

Jamani mnaosafiri mwisho wa mwaka kwenda Moshi, Arusha, Bukoba na kwingine, hizi nauli kikomo za LATRA, yaani nauli ya juu kabisa ambayo mamlaka ya usafiri wa ardhini inaruhusu basi litoze, wengi tunazisikia kwenye taarifa ya habari tu, tukifika stendi ya Magufuli pale Mbezi tunaanza kumbembeleza mkatisha tiketi kama vile anatufanyia hisani. Mi naona ni huduma nzuri sana ila haitumiki inavyotakiwa, nawapa nyota 3.

Kwanza hesabu yake iko wazi. Viwango vilivyoanza tarehe 8 Desemba 2023, basi la kawaida kwenye lami ni sh 48.47 kwa kilometa (kabla ilikuwa 41.29) na daraja la kati 67.84, kwa viwango hivyo njia ya kilometa 500 basi la kawaida halitakiwi kuzidi 24,235 na la kati 33,920, toa simu upige mwenyewe. Na sikukuu zikikaribia wanatoa vibali vya muda ili magari yaongezeke, hilo nalipenda kuliko hata faini, maana nauli inapaa pale watu wanapogombania siti chache.

Nyota ya kwanza imepotelea kwenye tiketi. Basi nililopanda mimi, silitaji, hela niliyotoa na iliyoandikwa kwenye tiketi ni vitu viwili tofauti, ukiuliza unaambiwa kama hutaki shuka wapo wenye shida. Dada mmoja ana mtoto mgongoni alilipa kimya na ndo wanapotuwezea hapo, mtu ana msiba au watoto wameshafungasha atashuka aende wapi?? Inaniuma sana hii. Wengine basi ni la kawaida kabisa ila nauli wanakutajia ya daraja la kati.

Nyota ya pili ni kwenye maoni. Nauli haipangwi usiku mmoja, wenye magari wanapeleka maombi, TABOA wa mabasi na DARCOBOA wa daladala za Dar, halafu LATRA wanakusanya maoni ya wadau ndo waamue, na sisi abiria tuna baraza letu kabisa, LATRA CCC. Lakini tangazo la nauli mpya linamfikia kila mtu, la kutoa maoni wanalijua wachache. Lingebandikwa ndani ya daladala!

Na sisi tukipata nafasi tusiandike "maisha magumu" tukaishia hapo, ni kweli ni magumu ila mwenzako kaja na hesabu ya dizeli, matairi na spea. Andika njia yako, kilometa, unachotoa kwa siku. Daladala ya hadi kilometa 10 ilikuwa 400, 2022 ikawa 500, 2023 ikawa 600, kwa kiwango hicho cha 600 anayeunganisha magari mawili kwenda na kurudi ni 2,400 kila siku, na konda akikatisha ruti njiani abiria anapanda gari jingine na kuongeza 600 nyingine juu, huko ni kupandisha nauli kimyakimya na ni hoja nzito mbele ya LATRA.

Ukizidishiwa usitupe tiketi, piga picha namba ya basi, andika njia, saa na kiasi ulichotoa, kisha wapigie LATRA namba yao ya bure au mtafute afisa wao hapohapo stendi kabla gari halijatoka, kilichozidi wanaweza kuamuru urudishiwe.