Kisiwa cha Mafia: potwe, popo wa Chole na pweza wa nazi, inalipa kwenda au hailipi?

Habari zenu wadau, karibuni tena. Leo hatuchambui simu wala kamera, leo nachambua safari nzima, kisiwa cha Mafia, mkoa wa Pwani, kusini mwa Dar, maana kila nikiweka picha za kule mnaniuliza mtu aende lini, atakula nini, na je inalipa kweli au ni picha tu. Naanza na jibu kabisa ili mwenye haraka asisumbuke: inalipa, tena sana, ila Mafia haiendi kwa ratiba yako, inaenda kwa pepo na kwa maji. Ukikata tiketi kwa kuangalia likizo ya ofisini tu unaweza kufika ukakuta ulichokifuata hakipo, wala si kosa la mtu.

Sasa twende taratibu. Watu wengi wanaenda Mafia kwa ajili ya potwe, yule papa mkubwa mwenye madoa meupe mgongoni, samaki mkubwa kuliko samaki wote duniani. Wakubwa kabisa wanapita mita 12, ila wa Mafia wengi ni madume ambayo bado yanakua, kwahiyo unaokutana nao mara nyingi ni wa mita sita saba hivi, na niamini, mita saba ikiwa inakuja usoni kwako inatosha kabisa. Hana habari na wewe lakini, chakula chake ni vijidudu vidogo vya baharini na dagaa. Msimu wake ni wa upepo wa kaskazi, kuanzia Oktoba mpaka Machi hivi, wanakuja karibu kabisa na Kilindoni, mji mkuu wa kisiwa. Na kitu nilichokipenda, watafiti waliowafunga vifaa vya kuwafuatilia walikuja kugundua kwamba wengi hawaendi mbali, wapo Mafia karibu mwaka mzima, ila nje ya msimu wanasogea maji ya kina kirefu ambako huwaoni.

Jinsi inavyokuwa ni hivi, mnatoka na boti asubuhi, nahodha anaangalia ndege na anaangalia wavuvi wa dagaa, kwasababu dagaa walipo na potwe yupo. Maji ya pale sio yale ya bluu ya kwenye matangazo, ni ya kijani na yana ukungu, na ukungu huo ndo chakula chenyewe, kwahiyo ukiingia na miwani yako unaangalia chini huoni kitu, huoni kitu, halafu ghafla kuna mdomo. Mdomo mpana umefunguka, nyuma yake mwili hauishi, chini ya tumbo samaki wadogo waitwao chazo wamejibandika wanasafiri bure. Kuna wakati anasimama wima kabisa, mkia chini kichwa juu, anagida maji ya juu kwa mikupuo, matamvua yanafunguka na kufunga. Hapo kaa tu mbali, tulia, usipige maji na miguu, yeye mwenyewe ataendelea kula na wewe utaangalia mpaka uchoke.

Na hapa sitafuni maneno. Kuna boti tulizikuta zinamkimbiza, injini inawaka juu ya kichwa chake, abiria wanarukia karibu na mgongo ili wapate video, mmoja akanyoosha mkono kumshika mkia. Aisee iliniuma. Eneo potwe wanapokula liko upande wa magharibi, nje ya mipaka ya hifadhi ya bahari, kwahiyo usitegemee askari wa hifadhi aje kuwatuliza watu, ustaarabu unabaki kwa nahodha na kwa wewe uliyelipa. Hashikwi, hapigwi flashi, hazibiwi njia mbele, na boti zinapokezana. Potwe anayesumbuliwa anazama, na akizama wote mmekosa, pamoja na mvuvi ambaye siku hiyo alikuwa analipwa kwa kuwatembeza wageni.

Haya, upande wa pili wa kisiwa, kijiji cha Utende na ghuba ya Chole, huko ndo kuna Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, ilianzishwa 1995, ya kwanza Tanzania. Getini unalipa kiingilio, kinahesabiwa kwa siku, na viwango vya Mtanzania na mgeni haviko sawa, kwahiyo beba kitambulisho. Matumbawe ya ndani ya ghuba unaweza kuyaangalia karibu mwaka mzima kwasababu kumekingwa, ila ya nje subirini kaskazi, upepo wa kusi ukivuma kule sio mchezo. Yaliumia vibaya 1998 bahari ilipopata joto kali, na bado ukizamia sehemu nyingi utakuta rangi na samaki mpaka unasahau kupumua kwa bomba.

Chole yenyewe ni kisiwa kidogo, unavuka kwa mashua dakika chache kutoka Utende. Hakuna gari. Kuna magofu ya enzi za Wajerumani mizizi imekumbatia kuta, na kuna popo. Hawa sio popo wa darini, ni popo wakubwa wa matunda, ukimfungua mbawa anapita mita moja, manyoya yao ya rangi ya dhahabu shingoni, wananing'inia mchana kutwa juu ya miti wanagombana na kujipepea na mbawa zao joto likizidi. Jioni wanaruka kwenda kutafuta matunda. Nendeni jioni, mchana utaona tu vitu vyeusi vimening'inia na utasema nimekuja kufanya nini. Wenyeji hawawasumbui na nyie msirushe mawe ili waruke, nimeona watu wazima wakifanya hivyo.

Juani ni kisiwa jirani na Chole, kule kuna mji wa kale wa Kua, magofu ya misikiti na nyumba za mawe, mji ulivamiwa na Wasakalava kutoka Madagaska mwanzoni mwa karne ya 19 ukaachwa. Na ni Juani ambako kasa wanataga, viota vinalindwa, wenyeji wanafanya kazi hiyo na shirika la Sea Sense, na vifaranga vinatoka zaidi kati ya Juni na Septemba hivi. Mmeona tatizo? Kasa wadogo ni wakati wa kusi, potwe ni kaskazi. Safari moja haitakupa vyote viwili, kwahiyo mtu akikuuzia kifurushi cha potwe na vifaranga vya kasa mwezi wa saba, muulize maswali. Mi ningeambiwa nichague ningeanza na potwe.

Ndani kwenye kisiwa kikuu kuna mabwawa yenye viboko pia, ndio, viboko kisiwani, ila hapo sikai sana, kama una siku ya ziada nenda.

Sasa chakula, na hapa ndo Mafia inanimaliza. Ukila lodji tu kila siku unaweza kurudi na kumbukumbu ya tambi na chipsi. Omba chakula cha wenyeji, omba mapema, kwasababu pweza hapikwi nusu saa. Mama mmoja Kilindoni aliniruhusu nikae jikoni kwake: pweza keshapigwa vizuri juu ya jiwe mpaka amelegea, anaingia sufuriani bila maji, anatoa maji yake mwenyewe yale ya zambarau, anachemka humo humo mpaka yakauke, ndo linaingia tui jepesi, kitunguu, bizari kidogo, na mwisho kabisa tui zito, hapo hafuniki na haachi kukoroga, tui lisije likakatika. Ndimu juu. Wali wa nazi pembeni. Sijala pweza mzuri vile sehemu nyingine. Nazi za kule ni za kisiwani, minazi imejaa mpaka inachosha macho, kwahiyo tui halina ubahili.

Asubuhi tafuta mkate wa kumimina na chai ya viungo, mihogo ya nazi, jioni samaki wa kuchoma. Halafu kuhusu pweza kitu kimoja, chini ya nusu kilo sheria hairuhusu avuliwe, na kuna vijiji, Jibondo kwa mfano, vimekuwa vikifunga miamba kwa miezi kadhaa ili pweza wakue. Ukiletewa vipweza vya kiganja sahani nzima, kataa kwa heshima.

Usafiri: ndege kutoka Dar ni kama nusu saa, bei imesimama. Njia ya watu wengi ni barabara mpaka Nyamisati, bandari ya upande wa bara, halafu majini mpaka Kilindoni, unapita kwenye mikoko ya delta ya Rufiji, pazuri mno, ila muda wa kuondoka unategemea maji, kwahiyo usiweke miadi ya kazi siku ya kurudi. Laifujaketi ivae, sio kuikalia. Keshi beba ya kutosha, ATM ziko Kilindoni na ni chache. Vaa nguo za kujistiri ukipita mtaani, toa shikamoo, utafunguliwa milango ambayo pesa haifungui.

Asiyeifaa hii safari ni yule anayetaka klabu usiku, intaneti ya kasi na kila kitu kwa saa. Huyo aende kwingine.

Ukishafika na unataka boti ya potwe, kabla hujatoa hela muulize nahodha mambo haya: anaingiza watu wangapi majini kwa mara moja, akikuta boti nyingine iko na potwe anafanyaje, na injini anaizima wapi. Akianza kucheka au akikwambia utamshika kabisa, mshukuru, tembea ufukweni mpaka boti inayofuata.